Mwongozo kamili: kumsaka mhenga aliyepotea katika rejista za parokia za Uingereza

Wengi hukwama mahali pale pale. Vyeti vya serikali vinawafikisha mpaka 1837, wanaingia kwenye rejista za kanisa, wanamkuta mtu mwenye jina wanalolitafuta, wanamtia kwenye nasaba na kuendelea kurudi nyuma. Baadaye inagundulika kwamba mtoto yule alizikwa akiwa na miaka mitatu, na vizazi vyote walivyovipandisha juu yake ni vya watu wengine.

Hatua zilizo hapa ni za England pekee. Scotland na Ireland zina utaratibu wao. Zitamfaa mwenye babu mlowezi aliyekuja Kenya au Tanganyika, aliyeoa au kuolewa katika ukoo wa Kiingereza, na hata anayetafuta kwa niaba ya mtu mwingine.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari la upekuzi, la karatasi au la kompyuta. Kila rejista uliyoipitia iandikwe: parokia gani, kuanzia mwaka upi hadi upi, ulitafuta majina gani, ulipata nini. Ulipokosa pia andika, tena hapo ndipo usiache kabisa. Hatua ya 6 haiwezekani bila daftari hili.
- Cheti cha mtu wa mwisho unayemjua kwa hakika, cha kuzaliwa au cha ndoa.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya nasaba ambayo ni bure. Ongeza FreeREG, nayo bure, ambako watu wa kujitolea wananakili rejista parokia kwa parokia.
- Ancestry au Findmypast, ikibidi. Hizi ni tovuti za kulipia na hakuna hata moja yenye England nzima, maana kila hifadhi ilifanya mkataba wake. Angalia kwanza ni ipi yenye picha za kaunti unayoitaka. Aliye Uingereza aulize maktaba ya umma, nyingi zina mojawapo bure kwenye kompyuta zao.
- Ramani ya mipaka ya parokia. FamilySearch inayo ya mwaka 1851.

Msimwandikie kasisi wa parokia mkitumaini atafungua kabati. Kwa utaratibu wa Kanisa la England wa mwaka 1978, rejista zilizofungwa zaidi ya miaka 100 iliyopita hupelekwa kwenye hifadhi ya dayosisi, ambayo kwa kawaida ndiyo hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Barua yako iende huko.

## Hatua ya 1: Fika 1837 ukiwa na mtu kamili

Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Kwa kazi yetu, cheti cha ndoa kina thamani kuliko vingine, kwa sababu kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Kiweke kando ya sensa ya 1851, ambayo iliandika parokia aliyozaliwa kila mtu, kisha linganisha na ya 1861 na 1871. Wengine walitaja mahali walipokulia badala ya walipozaliwa, na sensa moja haitakuonyesha hilo.

Sensa ya 1841 itumie kwa tahadhari. Umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa hadi kwenye tano ya karibu, kwa hiyo mwenye miaka 34 anasomeka 30. Kuhusu kuzaliwa, waliulizwa tu kama ni ndani ya kaunti ile au la, na kama ni Scotland, Ireland au nchi ya kigeni.

Onyo: jina la baba kwenye cheti cha ndoa si kiapo. Mtu aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kumtaja babu yake, baba wa kambo, au kubuni jina ili asione haya mbele ya wakwe.

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu wako kwa sentensi moja yenye jina, kazi, mwaka wa kuzaliwa kwa makisio, parokia na jina la baba. Ukiwa na jina na mwaka tu, usiingie kanisani bado.

## Hatua ya 2: Chora mzingo wa parokia

Fungua ramani, weka alama kwenye parokia yako, kisha orodhesha parokia zote zilizo ndani ya kilomita 15 hivi. Huo ni mwendo wa mtu kwenda sokoni na kurudi siku moja kwa miguu, na ndani yake ndimo watu wengi walimopata wachumba na vibarua. Kawaida harusi ilifungwa kwa bibi harusi, kwa hiyo ndoa usiyoiona kwenye parokia ya mume mara nyingi iko kijiji cha pili.

Kaskazini kuna mtego. Parokia kama Halifax, huko Yorkshire, zilikuwa kubwa mno hata zikawa na makanisa madogo mengi ndani yake, kila moja na rejista yake. Ukipekua kanisa kuu peke yake umepekua kipande tu.

Mbele ya kila parokia andika rejista zake zinaanza lini na zina mapengo wapi. Amri ya kwanza ya kuweka rejista ilitolewa 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Mwaka 1598 makasisi waliamriwa kuzinakili kwenye ngozi, hasa tangu 1558, mwaka Malkia Elizabeth I aliposhika kiti. Ndiyo sababu rejista nyingi zinaanzia 1558: wavivu walinakili pale walipolazimishwa tu. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala uliovifuata, kuanzia 1642 hadi mfalme aliporudishwa 1660, viliacha pengo karibu kila mahali.

Mhenga asiyeonekana katika miaka ya 1640 huenda alibatizwa vizuri kabisa, ila hakuna aliyeandika.

## Hatua ya 3: Faharasa ikuelekeze, picha ndiyo uisome

Faharasa ya mtandaoni ni kazi ya mtu aliyesoma mwandiko mgumu kwa haraka, au ya mashine. Itumie kukufikisha kwenye ukurasa, kisha fungua picha ya ukurasa wenyewe.

Unapotafuta, andika jina la ukoo kwa kila namna linavyoweza kusikika, kwa sababu karani aliandika alichokisikia. Jina la mshairi Shakespeare katika nyaraka za uhai wake limeandikwa Shakspere, Shaxpere na hata Shagspere. Tafuta pia bila jina la ukoo kabisa: jina la mtoto, majina ya wazazi wote wawili, parokia, miaka kumi. Majina ya kwanza yana vifupi vyake: Wm ni William, Jno ni John, Thos ni Thomas, Jas ni James, na Xpofer ni Christopher. Polly alibatizwa Mary, Nancy huwa Ann, Sally ni Sarah, Peggy ni Margaret.

Sababu ya kusisitiza picha ni kwamba pembeni mwa ukurasa na kwenye madaftari ya karani kuna habari ambazo faharasa huziacha. Mwaka 1597, katika parokia ya St Botolph Aldgate jijini London, alibatizwa mwanamke mweusi aitwaye Mary Fillis, na karani akaeleza kwamba asili yake ni Moroko na kwamba baba yake alikuwa msuka vikapu na mtengenezaji wa makoleo. Faharasa ya kawaida ingekupa jina na tarehe, basi.

Onyo: nasaba zilizowekwa mtandaoni na watu wengine si rekodi. Nasaba ishirini zinazokubaliana mara nyingi ni kosa moja lililonakiliwa mara ishirini.

## Hatua ya 4: Soma mwaka na mwandiko kabla ya kuamini tarehe

Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika, kwa hiyo twende polepole.

Hadi 1751, mwaka wa England ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Januari, Februari na siku 24 za Machi zilihesabiwa mwisho wa mwaka uliopita. Mfano mzuri ni rejista ya Stratford-upon-Avon, mji wa kwao Shakespeare. Mapacha wa Shakespeare, Hamnet na Judith, wameandikwa wamebatizwa tarehe 2 Februari 1584. Kwa hesabu yetu hiyo ni Februari 1585. Asiyejua hili atashangaa kuona mtoto kabatizwa Februari 1584 huku wazazi wake wakioana Aprili 1584, na atadhani kuna aibu ambayo haikuwepo.

Kwenye daftari lako andika tarehe hizo kwa miaka miwili, hivi: 2 Februari 1584/5. Kumbuka pia kwamba mwaka 1752, tarehe 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba. Siku zilizokosekana katikati hazikupotezwa na rejista yako.

Rejista nyingi za zamani ziko kwa Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia. Shakespeare mwenyewe, tarehe 26 Aprili 1564, ameandikwa *Gulielmus filius Johannes Shakspere*: William mwana wa John. Andika haya kwenye kikaratasi ukibandike ukutani:

- *filius* mwana wa kiume, *filia* binti
- *baptizatus erat* alibatizwa, *sepultus erat* alizikwa (kwa mwanamke *baptizata*, *sepulta*)
- *nupti erant* walioana
- *vidua* mjane wa kike, *uxor* mke
- *spurius* au *spuria* mtoto wa nje ya ndoa. Kwa Kiingereza utaona *base born*
- *Jacobus* ni James, *Johannes* ni John, *Gulielmus* ni William

Mwandiko wenyewe una herufi za kutatanisha. S ndefu hufanana na f, na ff mbili mwanzoni mwa jina ni F kubwa. Ukishindwa neno, tafuta herufi ileile kwenye neno unalolijua ndani ya ukurasa huohuo, kwa mfano jina la mwezi.

Jambo jingine: ubatizo si kuzaliwa. Wengi walibatizwa ndani ya siku au wiki chache, lakini wapo waliosubiri miaka, na wazazi waliopeleka watoto wanne kwa mpigo. Ukiandika tarehe ya ubatizo mahali pa tarehe ya kuzaliwa, mwenzako atakayekuja baadaye atapotea.

## Hatua ya 5: Jua rejista ya kila kipindi inaweza kusema nini

Usiitafute habari ambayo haikuwahi kuandikwa. Kabla ya katikati ya karne ya 18 kila karani aliandika alivyopenda, na mara nyingi ubatizo una jina la baba tu, kana kwamba mtoto hakuwa na mama.

Kwa ndoa, mabadiliko makubwa yalikuja 25 Machi 1754, sheria ya Lord Hardwicke ilipoanza. Tangu hapo hadi 1837 kila ndoa, isipokuwa ya Waquaker na Wayahudi, ilibidi ifungwe katika Kanisa la England baada ya kutangazwa mara tatu au kwa leseni, na wahusika na mashahidi watie sahihi. Mashahidi wasome vizuri. Shahidi aliyetia sahihi kwenye kila ndoa ya mwaka ule ni karani wa kanisa. Aliyetokea mara moja tu huenda ni ndugu. Linganisha pia sahihi za bwana harusi mwenyewe, kwani mwenye mwandiko safi mwaka 1790 na aliyeweka alama ya X mwaka 1801 pengine si mtu mmoja.

Kwa ubatizo na maziko, fomu zilizochapwa zilianza 1 Januari 1813. Ubatizo ukapata makazi na kazi ya baba, maziko yakapata umri na makazi. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu kwa kila tukio lililoandikwa, na maskini walisamehewa. Ukiona familia yenye uwezo imeandikwa fukara miaka hiyo, tabasamu kidogo na uendelee.

Mwenye bahati ni mwenye wahenga wa Yorkshire. Kuanzia 1777 hadi 1812 baadhi ya parokia zilifuata mtindo wa kasisi William Dade, ambao katika ubatizo mmoja unaweza kukupa wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, na mtoto ni wa ngapi kuzaliwa.

## Hatua ya 6: Kusanya kila mwenye jina hilo, kisha waondoe

Hii ndiyo kazi yenyewe. Zilizotangulia ni kuchimba msingi. Rejista haiwezi kukuambia "huyu ni wako". Inakuambia tu kwamba mtu mwenye jina hili alibatizwa siku hii. Uthibitisho unatoka kwenye kuwaondoa wengine.

Nakili kila ubatizo, ndoa na maziko ya jina la ukoo lako katika parokia zote za mzingo wako, kwa miaka kama 60. Usichague. Kisha wapange kifamilia: watoto wa John na Mary kundi moja, wa John na Ann kundi jingine.

Halafu mfuatilie kila mgombea hadi mwisho wake. Je, alizikwa mtoto? Alioa mwanamke mwingine na kubaki kijijini? Yuko kwenye sensa ya 1851 na mke asiye wako? Kila unayemwona akiishi maisha mengine, mfute, ukiandika sababu.

Stratford inaonyesha hatari ilivyo. Mjini pale walikuwako John Shakespeare wawili kwa wakati mmoja. Mmoja, baba wa mshairi, alikuwa mtengeneza glavu na aliwahi kuwa mkuu wa mji. Mwingine alikuwa fundi viatu aliyefika baadaye, na watoto wake Ursula, Humphrey na Philip walibatizwa kati ya 1589 na 1591. Kwa muda mrefu waandishi walimhesabia mtengeneza glavu watoto wa fundi viatu. Kilichowatenganisha ni kazi na cheo: baada ya kuongoza mji, baba wa mshairi aliandikwa kwa jina la heshima, fundi viatu hakuandikwa hivyo.

Familia hiyohiyo inafundisha jingine. Ina Joan aliyebatizwa 1558 na Joan mwingine aliyebatizwa 1569. Maziko ya wa kwanza hayaonekani, lakini desturi ya kumpa mtoto mpya jina la marehemu inaeleza kilichotokea. Ukikuta jina limerudiwa katika familia moja, mhenga wako ni wa pili mpaka ithibitike vinginevyo.

Onyo kuhusu maneno: *junior* na *senior* huenda ni mdogo na mkubwa tu kijijini, si baba na mwana. Na katika karne za 17 na 18, *son-in-law* aliweza kuwa mtoto wa kambo.

Umefaulu akibaki mgombea mmoja tu, na wengine wote wana sababu iliyoandikwa ya kuondolewa. Wakibaki wawili, hujamaliza.

## Hatua ya 7: Asipoonekana popote, badilisha aina ya rekodi

Kurudia utafutaji uleule kwenye tovuti nyingine si utafiti. Jiulize kwa nini hayumo, kisha uende kwenye rekodi inayojibu sababu hiyo.

Ukurasa umepotea au umeliwa na unyevu. Tafuta nakala za askofu. Tangu 1598 kila parokia ilitakiwa kumpelekea askofu nakala ya matukio ya mwaka. Kwenye katalogi za hifadhi zinaitwa *bishop's transcripts*, mara nyingi BT. Zisome hata kama rejista ipo, maana wakati mwingine moja ina neno ambalo nyingine haina.

Ndoa haionekani. Tafuta leseni na dhamana yake, au rejista ya matangazo ya ndoa, ambayo hutaja parokia ya kila mmoja. Ndoa ya Shakespeare haijawahi kupatikana katika rejista yoyote. Tunaijua kwa dhamana ya pauni 40 iliyowekwa kwa askofu wa Worcester tarehe 28 Novemba 1582, ikimtaja Anne Hathwey wa Stratford. Siku moja kabla yake, kitabu cha askofu kimemwandika bibi harusi kama Anne Whateley wa Temple Grafton. Makosa ya karani hayakuanza na mhenga wako. Kumbuka pia kwamba leseni ni ruhusa, haithibitishi kwamba harusi ilifanyika.

Hawakuwa waumini wa Kanisa la England. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, na Waquaker waliandika kwa utaratibu wao. Dalili yake ni hii: baada ya 1754 ndoa ipo parokiani, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyebatizwa pale. Rejista nyingi za makanisa hayo zilikusanywa na serikali na ziko Hifadhi ya Taifa huko Kew, katika kundi la RG 4. Za Waquaker ziko RG 6.

Alizaliwa nje ya ndoa. Tafuta ubatizo kwa jina la ukoo la mama. Kisha ulizia makaratasi ya ustawi wa maskini wa parokia, kwa kuwa wazee wa parokia hawakutaka kumlisha mtoto ambaye baba yake yupo. Walimsaka na kumtia dhamana ya malezi, wakiandika jina lake.

Alihamia kutoka kusikojulikana. Hili kwangu ndilo kundi tamu kuliko yote, na ndilo watu husahau. Kwa sheria ya makazi ya 1662, maskini aliyehitaji msaada aliweza kurudishwa kwenye parokia yake ya haki, na kabla ya kumrudisha mahakimu wawili walimhoji. Mahojiano hayo husimulia maisha: alizaliwa wapi, alifunzwa kazi na nani, aliajiriwa kwa nani mwaka mzima, alioa wapi, ana watoto wangapi. Umaskini wa mhenga unakuwa faida yako. Yako hifadhi ya kaunti, mengi hayajawekwa mtandaoni.

Alikuwa na mali kidogo. Soma wasia, si wake tu bali wa wajomba, mashangazi na jirani wenye jina hilo. Wasia wa shangazi asiye na mtoto hutaja wapwa kwa majina na vijiji vyao. Za mahakama kuu ya kanisa ya Canterbury ziko Kew, kundi la PROB 11, hadi 1858. Za watu wadogo zilibaki mahakama za dayosisi na leo ziko hifadhi za kaunti.

## Hatua ya 8: Andika hoja, kisha iandikie hifadhi

Andika aya moja inayoeleza kwa nini unaamini huyu ndiye. Taja kila rekodi, kila mgombea uliyemwondoa, na kila kinachopingana na hoja yako. Aya ikigoma kuandikika, hoja haipo. Muungano usio na uhakika uweke alama ya "haijathibitishwa" na usipandishe kizazi kingine juu yake.

Pengo likibaki, andikia hifadhi ya kaunti. Barua pepe yenye "naomba habari zote za ukoo wangu" itajibiwa kwa kipeperushi. Uliza jambo moja: parokia hii, aina hii ya rekodi, miaka kumi hii, majina haya na tahajia zake. Taja ulichokwisha kupekua ili wasikurudishe hukohuko, na uliza bei ya kutafutiwa kwa saa na ya kupigiwa picha kabla hawajaanza kazi.